Shajara ya mradi: kujua bakteria gani anaozesha miguu ya ng'ombe wetu wa maziwa

Kundi hili lilikuwa na ng'ombe wanaochechemea mwaka mzima, na kila aliyechechemea aliandikwa daftarini "kuoza kwato" na kuchomwa sindano ile ile. Wengine walipona kwa siku mbili tatu. Wengine walimaliza dozi, maziwa yao yakamwagwa, na mguu ukabaki vilevile. Nilitaka kujua tofauti inatoka wapi, kisha matibabu yafuate kidonda badala ya mazoea. Gharama naziandika kwa lita za maziwa, kilo za dawa na saa za kazi, maana bei kila mtu anaijua ya kwake.

11 Januari: Kupima mwendo

Tuliwapitisha ng'ombe wote mmoja mmoja kwenye sakafu ngumu iliyosawazika, wakitoka kukamuliwa. Kipimo ni kile cha 1 hadi 5 kinachoangalia mgongo. Wa 1 mgongo umenyooka akisimama na akitembea. Wa 2 hupinda mgongo akitembea tu. Wa 3 mgongo umepinda hata akiwa amesimama. Wa 4 na wa 5 hata mpita njia anawaona.

Daftari la matibabu lilikuwa na wa 4 na wa 5 peke yao. Wa 2 na wa 3 walikuwa wengi kuliko hao kwa mbali, na hakuna aliyewahi kuwagusa. Yaani tulikuwa tunasubiri mpaka ng'ombe anyanyue mguu ndipo tuamini kuwa unauma.

Angalizo kabla hujaiga hatua hii: wakichechemea wengi kwa mpigo huku wanatoka mate, usianzie kwenye kwato. Fungua mdomo, angalia ulimi na fizi kama kuna malengelenge. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao ni wa virusi. Kazi yako hapo ni kuzuia wanyama wasitoke na kumwita ofisa mifugo. Kwetu midomo ilikuwa safi.

19 Januari: Kuinua miguu

Hatua hii imekula saa nyingi kuliko nyingine zote. Kila ng'ombe mwenye alama ya 2 kwenda juu aliingia kwenye kizimba, mguu ukainuliwa kwa kamba, ukaoshwa kwa maji bila kusuguliwa, ukapigwa picha. Tukapata makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vidonda vya kwato yenyewe: kidonda cha soli, au ufa kwenye mstari mweupe unaounganisha soli na ukuta wa kwato. Hao wanahitaji mkata kwato, si dawa ya bakteria. Inauma kufikiria ni sindano ngapi za bure walizochomwa.

Kundi la pili lilijulikana kwa pua kabla ya macho. Mguu umevimba juu ya kwato, na uvimbe uko sawa kushoto na kulia, kiasi kwamba kwato mbili zimeachana. Ukizitanua unaona ngozi ya kati imechanika kwa urefu, kingo zake zimekufa na kugeuka kijivu, na harufu yake hukaa mikononi mpaka jioni. Ng'ombe ana homa, maziwa yameshuka, na jana yake alikuwa mzima.

Kundi la tatu halina homa wala uvimbe. Kidonda kiko nyuma ya mguu wa nyuma, kwenye ngozi iliyo juu kidogo ya visigino, pale mwanya wa kwato unapoishia. Ni duara jekundu, chembechembe kama ngozi ya stroberi, limezungukwa na ukingo mweupe na nywele ndefu zilizosimama. Maji ya mpira yakikigusa tu, ng'ombe anarusha teke. Wengine hawana wekundu. Wana ngozi nene, ya kijivu, yenye vinyuzi kama sugu iliyochakaa.

Kundi hili la tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, nalo halikuwa na jina kabisa daftarini. Daktari wetu wa mifugo alilitambua papo hapo: ni ugonjwa wa ngozi ya kwato ulioelezwa kwa mara ya kwanza Italia mwaka 1974 na Cheli na Mortellaro, na mpaka leo wengi huuita ugonjwa wa Mortellaro.

2 Februari: Maabara, awamu ya kwanza (imeshindikana)

Tulifuta vidonda kwa pamba ya sampuli, tukaweka kwenye vichupa vya kawaida, tukapeleka. Majibu: bakteria wa kinyesi, mchanganyiko, wa kila aina. Tungeyafuata majibu hayo, tungeanza kutibu samadi.

Sababu ni mbili. Bakteria tuliokuwa tunawatafuta wanakufa wakikutana na oksijeni, na kichupa cha kawaida kimejaa hewa. Pili, uso wa kidonda cha mguu wa ng'ombe ni kioo cha sakafu ya banda: unachokifuta hapo ndicho kilichomwagika hapo asubuhi. Wahusika wako ndani zaidi.

Gharama ya awamu hii: ada ya maabara yote, na wiki mbili za kusubiri. Anayeiga aruke hapa.

20 Februari: Maabara, awamu ya pili

Safari hii daktari alitia ganzi, akachukua kipande kidogo cha ngozi ukingoni mwa kidonda, kikaenda kupimwa kwa PCR, ambayo inatafuta vinasaba na haihitaji bakteria awe hai. Kutoka kwenye vidonda vya katikati ya kwato alikwangua tishu iliyokufa, akaipaka kwenye kioo cha hadubini na kuitia rangi ya Gramu, inayosaidia kutofautisha bakteria.

Kwenye kioo cha kundi la pili tuliona wenyewe: nyuzi ndefu nyembamba, nyekundu, zimejazana kwenye tishu iliyooza. Ndiye *Fusobacterium necrophorum*. Huyu si mgeni. Anaishi tumboni mwa ng'ombe mzima, anatoka na kinyesi, na anadumu kwenye tope. Ngozi isiyo na mchubuko hawezi kuipenya. Akipata mlango, kama jiwe lililokwama kati ya kwato, bua kavu, au ngozi iliyolainika kwa kusimama kwenye maji, anaingia na kutoa sumu inayoua seli nyeupe za damu, askari wale wale waliotumwa kumkabili. Tishu inakufa, oksijeni inapungua, naye anazidi kustawi. Mara nyingi yuko na wenzake, *Porphyromonas levii* na aina za *Prevotella*. Mguu ukicheleweshwa, *Trueperella pyogenes* anafuata na usaha wake, na hapo safari ni ya kuelekea kwenye kiungo na mfupa.

Vipande vya kundi la tatu vilirudi na *Treponema*, na si aina moja: *T. phagedenis*, *T. medium* na *T. pedis* kwa pamoja. Hawa ni bakteria waliojisokota kama skurubu. Wanajichimbia kwenda chini kabisa kwenye ngozi hai, ndiyo maana pamba ya juu haikuwakuta. Mkamuaji mmoja aliposikia ni jamaa wa bakteria wa kaswende alinawa mikono mpaka viwiko. Ni jamaa kweli, lakini si yeye. Jamaa wengine wa ukoo huo wanaishi kwenye fizi za watu.

Kilichonikaa kichwani kuliko yote ni majaribio ya kuambukiza ndama kwa makusudi. Tishu ya kidonda iliyosagwa huleta ugonjwa vizuri kuliko *Treponema* aliyekuzwa peke yake, na hata hivyo lazima kwanza mguu ulowekwe na kufungwa usipate hewa kwa muda mrefu. Ngozi kavu yenye hewa inawashinda. Maneno hayo yaliamua karibu kila kitu kilichofuata.

*Dichelobacter nodosus*, anayejulikana zaidi kwa kuozesha miguu ya kondoo, naye alijitokeza kwenye baadhi ya visigino ambavyo ganda lake gumu limelika. Hatukumtengenezea mpango wake. Anapenda unyevu ule ule.

9 Machi: Matibabu ya kuoza katikati ya kwato

Hapa sindano ilikuwa sahihi tangu mwanzo, tatizo lilikuwa saa. Utaratibu mpya: akionekana na uvimbe wa pande zote mbili pamoja na homa, anatibiwa siku hiyo hiyo. Kwato zinatanuliwa, tishu iliyokufa inaondolewa, mwanya unaoshwa, kisha dawa ya bakteria kwa dozi ya daktari na ya kupunguza maumivu. Ng'ombe anakaa pakavu. *Fusobacterium* bado anaitii penisilini na oksitetrasaiklini vizuri akiwahiwa.

Asiyeonyesha nafuu ndani ya siku tatu hatumwongezei dawa nyingine kwa kubahatisha. Anarudi kizimbani. Mmoja aliyerudi alikuwa na kipande cha waya ndani. Mwingine uvimbe ulikuwa upande mmoja tu, na daktari akasema kiungo kimeshaingiliwa. Uvimbe wa upande mmoja si ugonjwa huu, au si huu tena.

Gharama: ng'ombe wa lita 20 kwa siku, sindano siku 3 na maziwa kumwagwa siku 4 zaidi, ni lita 140. Ndiyo bei ya kumchoma asiyestahili.

28 Machi: Matibabu ya vidonda vya Treponema

Tuliacha sindano kwa kundi la tatu. Kidonda kinaoshwa, kinakaushwa kwa kitambaa safi, kinapakwa oksitetrasaiklini ya unga kidogo, kinafunikwa kwa kitambaa cha shashi na kufungwa bendeji.

Wiki ya kwanza furaha tupu: maumivu yalikata upesi sana, ng'ombe aliyekuwa anarusha teke akawa anasimama kimya. Wiki ya tatu baadhi walirudia, wengine wabaya kuliko mwanzo. Walikuwa na jambo moja linalowaunganisha: bendeji zilikuwa bado mguuni, zimelowa samadi, zimekaza. Ukizikumbuka zile habari za ndama wa majaribio, hali ile ile ndiyo tuliyokuwa tumewatengenezea, mguu uliolowekwa na kufungwa hewa.

Marekebisho: bendeji inafungwa kwa kulegea, na inatolewa baada ya siku mbili. Kila iliyofungwa inaandikwa kwenye ubao wa chumba cha kukamulia na tarehe ya kutolewa, na mkamuaji wa zamu hiyo ndiye anayeikata. Kwa vidonda vidogo tumehamia kwenye marhamu ya asidi ya salisiliki, ambayo si dawa ya bakteria. Inamenya ngozi iliyougua. Inafanya kazi, na inatupunguzia mashaka ya mabaki ya dawa kwenye maziwa na ya bakteria kuzoea dawa. Tahadhari: hata dawa ya kupaka ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa, soma lebo, usiulize jirani.

Kufuatilia tunatumia herufi za M, mfumo ulioanza mwaka 1997 na kuongezewa baadaye. M0 ngozi safi. M1 kidonda chini ya sentimita 2. M2 kidonda kibichi cha sentimita 2 au zaidi, chenye maumivu. M3 kigaga kikavu baada ya dawa. M4 ngozi nene ya kudumu. Na M4 yenye kidonda kipya kidogo ndani yake inaitwa M4.1. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu M4 inaonekana imepona kumbe *Treponema* amelala ndani, na siku moja anaamka.

Kuinua miguu kila wiki haiwezekani. Tunawakagua wakiwa wamepangwa kwa ajili ya kukamuliwa: maji kidogo kwenye visigino, tochi ya kichwani, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti ambacho unakipitisha chini ya kisigino bila kumgusa ng'ombe. Kioo kikipata ukungu, futa kwa mate. Hakuna kilichofanya kazi vizuri zaidi.

19 Aprili: Josho la miguu

Josho lilikuwepo tangu zamani: beseni la bati lisilofika mita 2, linajazwa mrututu (salfeti ya shaba) kwa kukadiria. Nilikaa nikitazama. Ng'ombe mwenye hatua ndefu anaingiza miguu ya mbele, na mguu mmoja wa nyuma unagusa mara moja au unapita juu kabisa. Ugonjwa uko kwenye miguu ya nyuma. Kwa hiyo tulikuwa tunaosha miguu isiyoumwa.

Na hakuna aliyewahi kupima ujazo. Nilipopima, mchanganyiko tuliouita asilimia 5 haukufika hata 2.

Tulijenga la zege: urefu mita 3, upana sentimita 60, ukingo wa kuingilia wa juu kiasi cha ng'ombe kulazimika kukanyaga ndani, kina cha dawa sentimita 10. Urefu huo unafanya kila mguu wa nyuma uzame walau mara mbili. Hesabu ni mita 3 × 0.6 × 0.1, yaani lita 180. Asilimia 5 ni kilo 9 za mrututu kila linapojazwa. Alama ya lita 180 tumeichora ukutani kwa rangi, ili zamu ya saa kumi alfajiri isilazimike kupiga hesabu.

Yaliyoharibika: beseni la zamani tulilolibakiza kwa ajili ya mchanganyiko lilitoboka, kwa kuwa mrututu unakula bati. Tumia plastiki. Na siku za kwanza dawa iligeuka uji wa kahawia kabla kundi halijaisha kupita, kwani ng'ombe wanapenda kunya wakiingia mahali pasipo pazoeleka. Samadi inaifunga shaba, na dawa ya rangi nzuri inabaki maji machafu. Tukasogeza josho mbali na mlango, ng'ombe wakafika wakiwa wameshamaliza haja zao, na tunalibadilisha baada ya ng'ombe 200 hivi kupita, au mapema likichafuka.

Josho halitibu M2. Kazi yake ni kuwalinda walio M0 na kuwatuliza walio M4. Tulipolitegemea kuponya vidonda vibichi, tuliteketeza mrututu mwingi na vidonda vikabaki.

17 Mei: Formalini (tumejaribu, tumeacha)

Shaba haiozi. Ukimwaga kilo 9 kila mara, zinaenda kwenye lundo la samadi, kisha shambani, na zinakaa. Kondoo wakilisha hapo wako hatarini zaidi, maana shaba huwaua kirahisi kuliko ng'ombe. Ndiyo sababu tulijaribu formalini, yaani maji ya formaldehidi, ya asilimia 4.

Inaua bakteria, hilo sibishi. Lakini hewa ikipoa chini ya nyuzi 15 au karibu na hapo, nguvu yake inapungua. Mwenye kidonda wazi inamchoma, akishachomwa mara moja kesho haingii. Na mvuke wake unawasha macho ya wakamuaji, mbali na kuwa ni kemikali inayosababisha saratani kwa watu. Tumerudi kwenye mrututu, ila si kila siku. Idadi ya M2 kwenye kioo ndiyo inayoamua: zikiongezeka, mizunguko ya josho inaongezwa, zikipungua, inapunguzwa. Mrututu unaotumika sasa ni chini ya nusu ya ule wa Aprili. Maji yaliyotumika yanatawanywa na samadi kwenye eneo pana, na kamwe hayamwagwi karibu na mto au malisho ya kondoo.

8 Juni: Visu

Ng'ombe wawili waliokuwa M0 walipata M1 wiki chache baada ya kukatwa kwato, kila mmoja kwenye mguu uliokatwa. Siwezi kuthibitisha kuwa ni kisu, ila watafiti wa Uingereza wamekuta vinasaba vya *Treponema* kwenye vifaa vya wakata kwato baada ya kazi, na ushahidi huo unatosha kwa mtu mwenye ndoo ya maji.

Sasa kati ya mguu na mguu kisu kinasuguliwa kwa brashi hadi uchafu utoke, kisha kinazamishwa kwenye hipokloriti (dawa ya klorini) ya asilimia 2 kwa sekunde zisizopungua 20, kinasuuzwa. Visu viwili vinabadilishana ili mkataji asisimame bure. Hipokloriti inaleta kutu. Mafuta kidogo jioni yanatosha. Wenye vidonda wanakatwa mwisho.

22 Julai: Mitamba

M2 zilipungua kwa wakamuliwao, kisha zikapanda kila mitamba wanapozaa na kuingia kundini. Tukainua miguu ya mitamba wenye mimba. Karibu robo yao walikuwa na vidonda tayari, wengi M4. Hawakamuliwi, kwa hiyo hawapiti joshoni, na hakuna anayeangalia visigino vyao. Banda lao ndilo lenye samadi ya kina kuliko yote, kwa kuwa "hao bado hawatoi maziwa".

Kila M2 iliyopatikana ilipakwa dawa mara moja, tukitumia faida kwamba hakuna maziwa ya kumwaga. Samadi sasa inakwanguliwa mara mbili kwa siku, na mahali pa kulala pamepandishwa pawe pakavu. Ng'ombe waliokaushwa, yaani walioachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, tumewaweka kwenye mpango huo huo. Kazi imeongezeka kwa karibu saa moja kwa siku, na kama ningetakiwa kubakiza hatua moja ya mradi huu mzima, ningeacha josho na kubakiza saa hiyo.

30 Agosti: Hali ilivyo

Kuoza katikati ya kwato kumebaki kisa kimoja kimoja, hasa mvua ikinyesha; kokoto zilizokuwa mlangoni mwa malisho tumezifunika. Sindano zimepungua sana. Wa 4 na wa 5 hatujawaona tangu mwezi uliopita.

*Treponema* hajatoka na sitegemei atoke. Wale M4 wa zamani bado wapo, wanatembea vizuri, na kila baada ya muda mmoja anageuka M4.1 na kupakwa dawa. Ng'ombe mpya anayenunuliwa anainuliwa miguu yote minne kabla hajashuka kwenye gari. Wiki iliyopita tulimkataa mmoja kwa ukingo mweupe usiofika upana wa kidole, na muuzaji hakupendezwa. Josho la mitamba limemwagwa zege jana, vipimo ni vile vile vya lita 180. Ingizo linalofuata litakuja baada ya uzao wa Oktoba, na hesabu ya M2 za mitamba watakaoingia kukamuliwa.